Kikombe Bila Kahawa: Uhakiki wa Mlo Mmoja Nkende

Katika semina zetu za nadharia kuna ugomvi wa zamani usiokwisha. Wapo wanaosema fani ni kikombe na maudhui ni chai: kikombe hubeba, chai hunywewa, na mwenye akili huangalia kilichomo ndani. Wapo wanaopinga, wakisema fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, na hakuna mtu aliyewahi kwenda dukani na upande mmoja wa shilingi. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliulizwa swali hili kwenye mtihani. Nikaandika hoja za kambi zote mbili, nikahitimisha kwamba kila kambi ina ukweli wake, nikapata maksi za kutosha. Leo nakiri kwamba nilikuwa sijafikiri kitu. Kilichonilazimisha kufikiri ni kikombe cha kweli kabisa, cheupe, chenye kisahani chake, nilichowekewa mezani katika mgahawa mmoja wa Nkende, mjini Tarime, mwishoni mwa safari yangu ya utafiti. Mgahawa wenyewe sitautaja jina. Sina ugomvi na mwenye nao; ugomvi wangu ni na matini yake.

Ndiyo, matini. Najua wapo walimu watakaokunja uso wakiona kurasa za jarida hili zimetumika kuhakiki orodha ya vyakula. Lakini ndugu msomaji, sisi hawa hawa tumekwisha kuhakiki majina ya kanga na maandishi ya nyuma ya malori, na hakuna aliyekufa. Orodha ya vyakula ina mtunzi, ina hadhira, ina lugha teule, ina muundo wake wa kimapokeo (vitangulizi, mlo mkuu, kitindamlo), na mpishi akiwa mvivu basi ina taharuki kuliko riwaya nyingi za upelelezi. Tena ni matini ambayo msomaji wake hulipa akishamaliza, si kabla. Laiti vitabu vingekuwa hivyo.

Nilikuwa Tarime kwa wiki tatu nikirekodi nyimbo za litungu, ile ala ya Wakurya ya nyuzi nane, kwa ajili ya tasnifu yangu. Mwenyeji wangu alikuwa baba mkubwa. Yeye ndiye aliyenitembeza kwa wazee wenzake, akanifumbulia mafumbo ya nyimbo ambayo mimi, mtoto niliyekulia mjini, nilikuwa nasikia sauti tu. Usiku akiniona bado nimeinamia daftari alikuwa akiniambia, "Mura, lala. Wimbo haukimbii." Siku ya kuondoka ilipokaribia nilikuwa na salio kidogo la bumu mfukoni, nikataka kumshukuru kwa namna itakayoonekana. Neno hilo, "itakayoonekana", ndilo kosa langu la kwanza, na nitalirudia huko mbele.

Kwa asiyepafahamu, Nkende ni kata mojawapo za mji wa Tarime, nchi ya juu yenye baridi ya asubuhi, migomba, mahindi, mihogo na kahawa. Mpaka wa Sirari hauko mbali, na mitindo ya nguo, ya muziki na ya maneno huvuka pale kila siku kuja na kwenda. Upande mwingine, mbali zaidi, kuna hifadhi ya Serengeti na hoteli zake za watalii. Mgahawa niliouchagua ulikuwa umechota pande zote mbili. Viti vya kitambaa, taa zinazoning'inia kama mabuyu, picha ya simba ukuta wa kushoto. Ukuta wa kulia ulifunikwa kwa majani ya plastiki ya kijani kibichi, na juu yake maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa taa ya rangi ya waridi. Hapo ndipo vijana hupigia picha. Nje, hatua kama kumi kutoka kwenye majani hayo, kulikuwa na majani ya kweli, na mbuzi alikuwa anayala.

Binti aliyetupokea alitukaribisha kwa Kiingereza. Baba mkubwa alisimama mlangoni, kofia mkononi, akingoja shikamoo. Haikuja. Si kwamba binti hakuwa na adabu, nilimwona anavyosita. Ni kwamba maneno aliyofundishwa kusema mlangoni hayana mahali pa kuweka shikamoo. Ukishaanza kwa Kiingereza kile cha hotelini, mzee wa miaka zaidi ya sabini na kijana wa ishirini na tatu mnakuwa kitu kimoja, wateja. Baba mkubwa akaitikia salamu ambayo haikutolewa, "Marahaba," akaingia. Kwa hiyo fani ilikuwa imeshaanza kazi kabla hatujakaa.

Sasa tuje kwenye orodha yenyewe. Ilikuwa na kurasa kumi zilizopakwa plastiki, nzito kama kitabu cha sala. Lugha yake, kuanzia jalada mpaka onyo la mwisho kuhusu kodi, ilikuwa Kiingereza. Vyakula vilipangwa kwa nchi: vya Kiitaliano, vya Kichina, vya Kihindi, vya Kimeksiko. Sifa za chakula zilikuwa nyingi kuliko chakula chenyewe. Kuku mmoja alikuwa na vivumishi sita. Katika utenzi wa kishujaa sifa za namna hiyo tungeziita chuku, na tungeuliza zinamjenga shujaa gani. Hapa zilimjenga kuku ambaye, kama mtakavyoona, hakuwepo.

Lakini kilichonisimamisha kilikuwa ukurasa wa tisa, chini kabisa, chini ya kichwa kinachosema, kwa tafsiri yangu, "Ladha za Kienyeji". Hapo paliandikwa neno ugali. Liliandikwa kwa herufi za kulala, kama tunavyofanya sisi kwa maneno ya kigeni, na mbele yake yakawekwa maelezo kwamba ni unga wa mahindi uliopikwa ukawa mgumu, chakula kinachopendwa na wenyeji.

Jamani, tusome polepole hapa. Tuko Nkende. Ndani ya mgahawa walikuwemo watu kumi na mmoja, nami niliwahesabu: vijana wanne wa mjini, mume na mke wenye mtoto, wanaume wawili ambao kwa mazungumzo yao walikuwa wafanyabiashara, na sisi wawili. Nani kati yao alihitaji kuelezwa ugali ni nini? Kila tunapofundishwa kutafuta hadhira lengwa ya kazi ya fasihi tunaambiwa tuangalie mtunzi anafafanua nini na ananyamazia nini. Kinachofafanuliwa ni kile ambacho msomaji anayekusudiwa hakijui. Kinachoachwa ni kile anachokijua. Orodha ile ilifafanua ugali. Haikufafanua chakula cha Kiitaliano chenye jina refu ambalo mimi mwenyewe, na digrii yangu ya kwanza, sikuweza kulitamka. Maana yake msomaji wake wa kuwaziwa anaijua Italia, haijui Tarime. Huyo msomaji hakuwemo ndani ya chumba. Sisi kumi na mmoja tulikuwa tumekaa kwenye viti vyake.

Baba mkubwa aliifungua orodha, akavaa miwani, akasoma. Nasema akasoma kwa sababu anajua kusoma. Alijifunza utu uzima, miaka ya 1970, katika madarasa ya watu wazima yaliyotapakaa nchi nzima baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tena mkoa huu wa Mara ndiko lilikotolewa Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo 1977. Mzee huyu husoma gazeti kwa sauti kila analolipata, hata la kufungia sukari. Hapo mezani alipitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, wa pili, akageuza ukurasa, akaangalia picha ya burga kwa muda mrefu kuliko picha ilivyostahili. Kisha akaifunga, akaiweka mbele yangu na kusema, "Soma wewe, miwani yangu imechoka."

Miwani yake haikuwa imechoka. Mimi nilijua, naye alijua kwamba najua. Wakati ule nilitamani orodha ile ingekuwa na mtunzi mmoja mwenye sura nimkamate shati. Mtu wa Butiama, mkoa huu huu, alikaa akaitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, akairudia 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi, tena akiwa Rais wa nchi mwenye mambo mengine ya kufanya. Kama maneno ya Seneti ya Roma yalipatikana kwa Kiswahili, "kuku wa kukaanga" lingeshindikana vipi?

Nikasoma kwa sauti, nikitafsiri. Sasa likaanza jambo ambalo katika fasihi simulizi tungeliita ubishanaji wa kiitikio. Mimi nataja, binti anaitikia.

Steki ya pilipili manga? Leo haipo.

Samaki wa kuoka na limau? Ameisha.

Piza? Mashine ina shida.

Kuku wa vivumishi sita? Huyo mpaka uagize jana.

Supu ya uyoga? Hiyo huwa haipo.

Nilipenda jibu hilo la mwisho. Si "haipo" bali "huwa haipo": kutokuwepo kwake ndiyo tabia yake. Lakini la steki lilimchekesha baba mkubwa mpaka akavua miwani. Tarime, nchi ambako ng'ombe ni mahari, ni faini, ni benki na ni jina la mtu, nyama imekosekana mahali penye picha ya nyama! Ungekwenda bandani kwa mama lishe mita mia tatu kutoka pale ungepata makongoro, na ungepata kichuri, ile nyama yenye uchungu wake wa tumboni mwa ng'ombe, ambayo mgeni huiogopa siku ya kwanza na kuiulizia siku ya tatu. Ziwa nalo liko nyuma ya vilima tu. Sato na dagaa huja mjini kila asubuhi.

Basi tukaagiza kilichokuwepo, yaani chipsi kuku, jibu la mwisho la kila mgahawa wa Tanzania. Tukasubiri saa moja na dakika ishirini. Sitaueleza muda huo. Kuku alifika mkavu, chipsi zimelowa mafuta, na pembeni kipande cha tango kilichochongwa kama ua. Uma wa baba mkubwa ulimpotezea paja la kuku likaangukia kwenye majani ya plastiki. Akaangalia huku na huku kama mtoto aliyevunja kitu. Mzee ambaye kijana akikohoa kwake bila adabu anaulizwa ukoo wake, aliangalia huku na huku.

Hapo binti akaja kuokota, na hapo ndipo baba mkubwa alipomsemesha kwa Kikurya. Sikusikia lote. Nilisikia anamwuliza yeye ni mtoto wa nani. Binti akageuza macho kuelekea kaunta, akaona hakuna anayemtazama, akapiga goti kidogo akamsalimia upya, salamu kamili, ndefu, na mikono miwili. Kisha wakazungumza. Mzee akamwuliza (hili nililielewa) jikoni kuna nini hasa. Naye akamwambia, kwa sauti ya chini, haraka, bila kitabu: kuna maharage ya wafanyakazi, kuna ugali wa muhogo, kuna mgagani uliochemshwa na maziwa. Akaongeza kwamba hivyo haviuzwi.

Nitakaa hapa kidogo, maana kwangu mimi huu ndio moyo wa makala hii. Kurasa kumi za matini andishi zilikuwa zimeanguka zote, haipo, imeisha, huwa haipo. Matini pekee iliyokuwa ya kweli ndani ya jengo lile ilikuwa simulizi, yenye vipengele vitatu, ikatolewa kwa kunong'ona na fanani aliyepiga goti, kwa hadhira yake halisi iliyomuuliza. Na matini hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kuuzwa.

Linganisha na banda la mama lishe. Zamani kidogo, Dar es Salaam, jina lake lilikuwa mama ntilie, yaani "nitilie", neno la mteja mwenyewe anapoomba apakuliwe. Nani amewahi kuona duka lililopewa jina kwa maneno ya mnunuzi? Pale orodha haiandikwi. Unaketi kwenye benchi, mama anaimba: "Ugali upo, wali upo, maharage, dagaa, nyama ya kuchemsha, samaki ameisha sasa hivi kabaki mkia, nikupe mkia?" Matini inabadilika kila dakika kwa kufuata sufuria. Hadhira inaingilia, inapunguza bei, inaongezewa mchuzi. Hakuna sifa hata moja ya chuku, na bado hakuna anayedanganywa. Ila nisiwe mshairi wa vijiji. Kwa mama lishe nimewahi kutafuna mawe kwenye wali, na nimewahi kufukuza nzi kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine. Ubaya wake hata hivyo ni ubaya wa sufuria tu. Haukuambii wewe ni nani.

Halafu kahawa. Neno mgahawa, kama mnavyojua, limetokana na kahawa, gahawa kwa matamshi mengine. Wapo wanaosema mkahawa mpaka leo, hasa Kenya. Kwa asili yake ni mahali pa kunywea kahawa. Na Tarime ni mojawapo ya sehemu za nchi hii zinazolima kahawa ya arabika, pamoja na Kilimanjaro, Mbinga na Mbeya. Baba mkubwa ana mibuni aliyorithi na mingine aliyopanda kwa mkono wake. Nikasema angalau hapa hatutakosa. Nikaagiza mbili. Zikaja vikombe viwili vyeupe vizuri mno vya maji ya moto, na juu ya kila kisahani kipakiti cha kahawa ya unga wa kuyeyusha, iliyotengenezwa nchi nyingine. Shilingi elfu tano kila kimoja.

Baba mkubwa alikichana kipakiti, akamimina unga kiganjani kwanza, akaunusa. Akauliza, "Hii ni yetu?" Binti akageuza kipakiti akasoma maandishi madogo, akasema si yetu.

Naweza kuishia hapa na kupata makofi. Mgahawa usio na kahawa katika nchi ya kahawa. Ukoloni mamboleo ndani ya kisahani. Tabaka la wenye viti vya kitambaa limetengana na wazalishaji. Insha kama hizo tumeandika nyingi, na hii ingeweza kuwa mojawapo. Lakini kuna jambo linanizuia. Nyumbani kwa baba mkubwa, kwa wiki tatu zote, sikunywa kahawa hata siku moja. Tulikunywa chai. Kahawa yake huvunwa, humenywa, huanikwa, huenda chama cha ushirika, na kama sehemu kubwa mno ya kahawa ya Tanzania huondoka nchini. Kunywa kahawa si desturi ya nyumba ile. Kwa hiyo yule aliyeuliza "Hii ni yetu?" alikuwa anauliza kuhusu kitu ambacho yeye mwenyewe hukionja mara chache sana. Kipakiti kile hakikumnyang'anya kinywaji chake. Kilimwonyesha tu kwamba kitu alichokipalilia maisha yake yote kina upande mwingine, ambao haujawahi kumjia mpaka siku hiyo, kwa shilingi elfu tano, kikiwa kimeshageuka unga.

Ndiyo maana sasa naikataa hoja ya kikombe na chai. Wenye hoja hiyo wangehakiki mgahawa ule kwa kusema: fani nzuri, maudhui mabaya, kikombe kizuri, kahawa mbovu, mwenye mgahawa akirekebisha jiko mambo yatakuwa sawa. Hapana. Tuseme jiko lingekuwa bora. Tuseme steki ingekuwepo, laini, imepikwa na bingwa. Bado mzee angesema miwani yangu imechoka. Bado shikamoo isingepata mahali pa kukaa. Bado ugali ungeelezwa kama mnyama wa mbugani. Kilichotuuma hakikuwa ndani ya kikombe. Kikombe chenyewe, yaani lugha ya orodha, mpangilio wake, herufi zake za kulala, ndicho kilichokuwa kinasema, na kilichosema kilikuwa kwamba mtu anayengojewa hapa siye wewe. Hayo ni maudhui, tena maudhui mazito, na hayakuandikwa popote isipokuwa katika fani. Huwezi kumwaga ukabaki na kikombe.

Rafiki yangu tunayekaa chumba kimoja bwenini, anayesoma uchumi, aliisoma rasimu ya makala hii akaniuliza swali ambalo sijalimaliza. "Mzee mwenyewe alisemaje?" Nikalazimika kumwambia ukweli. Baba mkubwa alifurahi. Tulipokuwa tunatoka alisema viti vile ni vizuri kwa mgongo, na kwamba siku nyingi alikuwa akipita barabarani akitaka kujua ndani kukoje. Alimwita binti wapigwe picha pamoja mbele ya majani ya plastiki, akaniagiza niisafishe kubwa aitundike sebuleni. Kwa wiki nzima, naambiwa, aliwasimulia wenzake habari ya kuku aliyeagizwa jana, kila akisimulia orodha ya "haipo" ikiongezeka, na sasa ina kiitikio chake. Hadhira iliyokataliwa na matini imeichukua matini ikaifanya masimulizi. Kwa hiyo, akasema rafiki yangu, ni nani hasa aliyeudhika? Ni wewe. Ulitaka kumshukuru kwa namna itakayoonekana.

Ana haki. Ningemshukuru vizuri kwa kilo mbili za sukari na blanketi, akafurahi, nisingekuwa na cha kuandika. Nilimpeleka pale ili nionekane nimempeleka. Wakati nikisubiri chakula nilikuwa nimeshajiona kama Lawino wa Okot p'Bitek akiutetea upishi wa mamaye dhidi ya majiko ya kizungu, kumbe aliyeshika uma upande wa Ocol nilikuwa mimi.

Ila swali la rafiki yangu limenipeleka mbali zaidi ya alivyokusudia. Niliporudi chuo nilifungua sura ya kwanza ya tasnifu. Ukurasa wa tatu nimeandika neno litungu kwa herufi za kulala. Mbele yake nimeweka maelezo kwamba ni ala ya nyuzi, maarufu kwa wenyeji wa Tarime. Kurasa zinazofuata zimejaa naratolojia, umatinishi, uamali, na nyimbo zile ambazo mzee aliniimbia akiwa amefumba macho zimepangwa kwa vichwa vya habari, vya uchumi, vya siasa, vya utamaduni, kama vyakula vya Kiitaliano na vya Kichina. Tasnifu nzima iko kwa Kiswahili, lugha ambayo baba mkubwa anaisoma bila kuchoka miwani. Na bado nina hakika kwamba nikimpelekea ataifungua, atapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, wa pili, ataangalia kwa muda mrefu ile picha yake akiwa na ala, kisha ataniambia soma wewe.

Aliniomba nakala siku ile ile, tukiwa tumesimama kituoni tukingoja basi la Mwanza. "Ukimaliza, mura, uniletee, nione ulichoandika." Nikamwahidi.

Msimamizi wangu anasema tasnifu haiandikiwi mzee wa Nkende, inaandikiwa watahini. Ni jibu la haki na linanitosha kupata digrii. Mwenye jibu jingine katika idara hii, mwalimu au mwanafunzi, namwomba aandike katika toleo lijalo, maana nina miezi minne tu. Ukurasa wa tatu nimeshaufuta. Sijajua bado niandike nini mahali pake.